Mgambo wa manispaa: mamlaka yake yanaishia wapi?

Wadau, kila mgambo wanapopakia meza za machinga kwenye gari au sinia la vitumbua linapomwagika, swali mtaani ni lile lile: "Kwani hawa ni polisi?" Jibu ni hapana, si polisi. Ila si raia wa kawaida tu pia, na hapo ndipo wengi tunapochanganya mambo.

Wengi wao wamepitia mafunzo ya Jeshi la Akiba, yanayosimamiwa wilayani na mshauri wa mgambo, ambaye ni mwanajeshi wa JWTZ. Mafunzo huchukua kama miezi minne hivi: kwata, shabaha, usomaji wa ramani, huduma ya kwanza, pamoja na vipindi vya polisi na Takukuru. Kuhitimu si kupata ajira. Wengine wanaishia kwenye kampuni za ulinzi, wengine wanachukuliwa na halmashauri kwa mkataba mfupi au posho. Yaani mtu wa kipato kidogo anatumwa kupambana na mtu ambaye mtaji wake wote uko kwenye beseni moja.

Anachosimamia ni sheria ndogo: usafi, biashara kando ya barabara, mifugo inayozurura mjini. Sheria hizo zinatungwa na baraza la madiwani chini ya sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982, na lazima waziri mwenye dhamana aziidhinishe. Mgambo hatungi, anatekeleza.

Je, anaweza kukukamata? Ndiyo. Sheria ya mwaka 1975 ilimpa mgambo aliye kazini uwezo wa kukamata unaofanana na wa konstebo wa polisi. Mwaka 1989 sheria ikarekebishwa ili kuwatambua na sungusungu, ambao walianzia Usukumani na Unyamwezini miaka ya 80 kupambana na wezi wa ng'ombe. Hivyo si kweli kwamba "mgambo hana lolote".

Ila uwezo huo una mipaka. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inasema anayekukamata akueleze kosa lako, na asitumie nguvu kuliko inavyohitajika. Ukikamatwa, unapelekwa polisi, huzungushwi mjini juu ya gari mpaka jioni. Kipigo si adhabu ya sheria ndogo yoyote. Na mgambo si hakimu: faini haiishii mfukoni mwake, inalipwa serikalini na unapewa risiti. Mali ikishikiliwa, omba uandikiwe ni vitu gani na vimepelekwa wapi. Akija bila sare, omba kitambulisho, kwa upole.

Tuwe wakweli pia kuhusu wanaowatuma. Desemba 2018 Rais Magufuli alianzisha vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa sh. 20,000, na agizo likawa mwenye nacho asibughudhiwe. Mwaka 2021 upepo ukageuka, machinga wakatakiwa kuondoka barabarani na kwenda maeneo waliyopangiwa. Wanaogeuza maagizo wako ofisini, wanaotukanwa wako juani.

Kwa maoni yangu, dawa si kufuta mgambo. Mji bila msimamizi wa usafi na wa njia za waenda kwa miguu ni vurugu tupu. Dawa ni halmashauri kuwapa mkataba unaoeleweka, sare yenye jina au namba, na somo la sheria wanayotumwa kuisimamia. Mgambo mwenye namba kifuani anajua atatajwa, na mama wa vitumbua anajua wa kumshtaki. Wote wawili wanalindwa.

Haya wadau, huko kwenu mgambo wana namba kifuani? Na ukinyang'anywa mali, unapewa karatasi yoyote? Semeni tusikie.