Kinywa cha mgonjwa wa sukari aliye mahututi

Tunapomtembelea mgonjwa wa sukari aliye mahututi, tunauliza habari za sukari yake, serumu na dawa. Ni mara chache tunauliza nani amemsafisha kinywa leo. Katika hospitali zetu nyingi jamaa ndio wanaokaa kando ya kitanda, basi kazi hiyo inatuhusu.

Sukari ikipanda katika damu, huongezeka hata ndani ya mate, na mwili unapungukiwa nguvu ya kupigana na vijidudu. Mgonjwa asiyekunywa, anayepumua kwa mdomo, hukauka mate. Ndipo ufizi unavimba na utando mweupe wa kuvu unaota juu ya ulimi. Maambukizi hayo nayo yanapandisha sukari zaidi. Tena vijidudu vya kinywani vikishuka kwenye mapafu vinaleta nimonia, ambayo inaweza kumuua mtu aliyeanza kupata nafuu.

Tufanye nini? Kwanza tumwombe muuguzi atuonyeshe. Meno yasafishwe kwa mswaki laini mara mbili kwa siku. Mgonjwa aliyepoteza fahamu ageuzwe upande, na tusimmiminie maji kinywani, maana yatamkaba. Kitambaa safi kilicholoweshwa na kukamuliwa kinatosha kufuta ulimi, ufizi na ndani ya mashavu. Tusiweke kidole katikati ya meno yake, anaweza kuuma. Meno ya bandia yatolewe na kuoshwa, na usiku yakae ndani ya maji safi.

Utando mweupe tusiukwangue; daktari ataandika dawa ya kuvu. Soda na asali tusimpe, isipokuwa muuguzi ameagiza kwa kuwa sukari imeshuka. Na insulini isisimamishwe kwa sababu tu mgonjwa hali chakula. Anayeamua ni daktari.

Shavu au shingo ikivimba, mdomo ukikataa kufunguka, kumeza au kupumua kukiwa kugumu, tumwite daktari saa ileile. Tusingoje asubuhi.

Basi, kikundi chetu cha kutembelea wagonjwa kibebe mswaki laini na kitambaa safi mahali pa soda. Maombi yetu hayapungui kitu tukiinama pia kumsafisha ndugu yetu kinywa.