Gari Dogo au Krosova: Unalipia Nini Hasa?

Barabara ya Jules inatoka Jeppestown ikinyooka kuelekea mashariki, na inapofika Malvern kando zake zimejaa yadi za magari yaliyotumika. Mkongo, Mtanzania au Mkenya anayeishi upande huu wa Johannesburg huanzia hapa kutafuta gari lake la kwanza, kwa kuwa anaweza kutembea kwa miguu kutoka yadi hadi yadi akilinganisha bei. Mbele, karibu na uzio, hupangwa krosova, zimeoshwa na kung'arishwa. Magari madogo hukaa nyuma. Mtu aliyekuja na fedha ya Polo Vivo hujikuta anapiga hesabu ya mkopo ili aifikie T-Cross.

Makala haya nimemwandikia mtu huyo, na msimamo wangu nautaja mapema. Wengi wanaoishi Malvern na kufanya kazi mjini hawahitaji krosova, na fedha wanayoiongeza ili kuipata ingewalinda zaidi kama wangeitumia kwingine.

Tuangalie kwanza kilichomo chini ya bati. Toyota Starlet inayouzwa Afrika Kusini tangu 2020 ni Suzuki Baleno iliyobadilishwa nembo. Starlet Cross, iliyoingia sokoni 2024, ni Suzuki Fronx iliyobadilishwa nembo. Zote huundwa India. Fronx yenyewe imejengwa juu ya Baleno: kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni milimita 2,520 kwa zote mbili, injini ni ileile ya lita 1.5 yenye kilowati 77, na tairi zinazosukumwa na injini ni zile za mbele tu. Buti la Fronx halizidi la Baleno. Kilichoongezeka ni kimo cha sentimita chache, plastiki nyeusi pembeni mwa tairi, na bei. VW imefanya vivyo hivyo kwa T-Cross, iliyojengwa juu ya msingi mmoja na Polo ya kizazi cha sasa.

Watanzania hawapaswi kushangaa. Toyota IST, iliyotoka Japani 2002 na kupendwa Dar es Salaam kuliko karibu gari lolote la ukubwa wake, ilijengwa juu ya msingi wa Vitz, ikapandishwa kidogo na kuvalishwa tairi kubwa zaidi. Tuliizoea krosova ndogo kabla hatujaipa jina.

Na hapo kwenye Vitz kuna mtego. Gari linaloitwa Toyota Vitz Afrika Kusini tangu 2023 si ile Vitz ya Japani unayoijua kutoka Kariakoo au Nairobi. Ni Suzuki Celerio yenye nembo ya Toyota, gari dogo zaidi lenye injini ya lita 1.0. Ni gari zuri kwa kazi yake, linakula mafuta kidogo sana, lakini ukilinunua ukitarajia Vitz ya nyumbani utapata kitu kingine.

Hoja ninayoisikia kwanza kutoka kwa wanaotaka krosova ni mashimo, na barabara za mashariki mwa Johannesburg kweli zinayo. Lakini shimo la lami halipigi tumbo la gari. Linapiga tairi na ringi, kisha nguvu yake inapanda kwenye shokapu, bushi na boljointi. Kinachokulinda hapo ni ukuta wa tairi, yaani urefu wa mpira kati ya ringi na lami, na urefu huo unaweza kuukokotoa mwenyewe ukiwa umesimama yadini. Soma namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi. Vivo ya bei ya chini huvaa 175/70 R14: upana ni milimita 175, na ukuta ni asilimia 70 ya upana huo, kama milimita 122. T-Cross yenye 205/60 R16 ina ukuta wa milimita 123. Ni karibu sawa kabisa! Sasa chukua gari lolote, dogo au krosova, ambalo mmiliki wa awali alilipendezesha kwa ringi kubwa na tairi za 205/45 R17. Ukuta umebaki milimita 92, na shimo moja la usiku linaweza kupasua tairi na kupinda ringi kwa mkupuo. Bei ya tairi nayo hupanda kadiri ringi inavyokua. Nne za inchi 14 na nne za inchi 17 ni bili mbili tofauti kabisa, na bili hiyo itarudi kila zinapoisha, hasa kwa anayeendesha Bolt au Uber kutwa.

Kimo kinasaidia pale penye tuta refu, ukingo wa barabara, au njia ya vumbi yenye mfereji katikati. Hakisaidii kwenye mafuriko ya zile mvua za radi za mchana wakati wa kiangazi cha huku. Maji yanayoweza kusomba gari dogo yanaweza kusomba na krosova, kwa hiyo yakifunika barabara usipite na gari lolote kati ya haya.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji, na ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote kwa mnunuzi wa Johannesburg, ni hewa. Jiji hili liko mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo inavuta oksijeni kidogo zaidi kwa kila mzunguko. Kanuni ya mafundi ni kwamba injini ya namna hiyo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Vivo ya lita 1.4 yenye kilowati 55 inapokuwa Durban inazo zote, lakini Malvern inabaki na 45 hivi. Gari likiwa jepesi na watu wawili ndani, hilo linavumilika. Itwike injini ndogo isiyo na tabo mwili mzito na mrefu wa krosova, watu watano na mizigo, kisha panda vilima vya Kensington: utakuwa gia ya pili, injini inanguruma, na mafuta yanakwenda. Bei ya krosova imenunua uzito kwa injini ambayo tayari imepungukiwa.

Tabo hulifidia pengo hilo kwa sehemu kubwa, kwa sababu huishindilia hewa ndani ya injini kwa nguvu. Ndiyo maana T-Cross ya lita 1.0 yenye tabo inakwenda vizuri huku juu kuliko injini kubwa zaidi isiyo nayo. Ila tabo ina masharti. Inataka oili sahihi kwa wakati, na daftari la sevisi lenye mapengo ni sababu ya kuliacha gari hilo. Tazama pia kifuniko cha tangi. Vituo vya mafuta vya huku bara vinauza petroli ya oktani 93 na 95, na injini nyingi zisizo na tabo huridhika na 93 kwa sababu hewa nyepesi hupunguza mgandamizo ndani ya silinda. Yenye tabo ipe kile kilichoandikwa kwenye kifuniko.

Krosova moja inakwenda kinyume na maelezo haya ya mafuta: Toyota Corolla Cross ya haibridi, iliyoanza kuundwa Prospecton, Durban, 2021. Kwenye foleni ya kusimama na kwenda, mota yake ya umeme hufanya kazi kubwa na breki hurudisha umeme kwenye betri, kwa hiyo inaweza kula kidogo kuliko magari madogo mengi. Lakini ni gari la daraja jingine la bei, na mnunuzi wa Barabara ya Jules anayechagua kati ya gari dogo kama Swift na krosova ndogo mara nyingi hayuko huko.

Wazazi huniambia kwamba krosova ni salama zaidi kwa watoto kwa sababu ni kubwa. Naielewa hofu hiyo, lakini majaribio hayaiungi mkono. Shirika la Global NCAP, likishirikiana na AA, chama cha wenye magari cha Afrika Kusini, lilianza 2017 kugongesha magari yanayouzwa nchini humu na kuyapa nyota. Katika kundi la kwanza, Toyota Etios, gari dogo la bei nafuu, ilipata nyota 4 kwa watu wazima, na Polo Vivo ya wakati huo 3. Mwaka 2020 waliipima Haval H1, krosova ndogo iliyokaa juu na kuonekana imara. Ilipata nyota 1. Umbo halimlindi mtu. Kinachomlinda ni muundo wa chuma unaobaki imara kumzunguka, mifuko ya hewa, na mikanda inayofungwa na kila mtu, wa nyuma pia. Ongeza ESC, mfumo unaobana breki ya tairi moja moja gari linapoanza kuteleza. Krosova, kwa kuwa kitovu cha uzito wake kiko juu, inauhitaji mfumo huo hata zaidi ya gari dogo. Nikipewa gari dogo lenye ESC na mifuko sita ya hewa, na krosova ya bei ileile isiyo na ESC na yenye mifuko miwili, sifikirii mara mbili.

Fedha unayobakiza kwa kuchagua gari dogo ipeleke kwenye bima. Tanzania na Kenya sheria inamlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima ya mtu wa tatu. Afrika Kusini hakuna sharti hilo. Kuna Mfuko wa Ajali za Barabarani, unaolipwa kupitia tozo kwenye kila lita ya mafuta, lakini unahusu majeraha na vifo vya watu, si bati. Ukigonga gari la mwenzako bila bima, unalilipa mwenyewe. Polo na Toyota hulengwa na wezi kwa kuwa soko la vipuri vyake ni kubwa, na kampuni ya bima inaweza kukutaka ufunge kifaa cha kufuatilia gari. Omba bei ya bima kabla ya kulipa, ukitaja Malvern kama mahali gari litakapolala, kwa sababu anwani hiyo inaibadilisha hesabu. Na uliza kuhusu Sasria, bima ya serikali inayohusu ghasia na machafuko, ambayo bima ya kawaida haiyalipii. Waliokuwapo Septemba 2019, magari yalipochomwa kwenye Barabara hiyohiyo ya Jules, hawahitaji kuelezwa umuhimu wake.

Krosova inanunuliwa kwa haki kabisa na watu fulani. Mama au baba mzee mwenye magoti mabovu huingia kwenye kiti kilicho juu bila kujikunja, na hilo peke yake linatosha. Mzazi anayefunga viti viwili vya watoto kila asubuhi atauokoa mgongo wake. Anayekwenda kijijini Limpopo kila mwisho wa mwezi kwa njia ya changarawe atakishukuru kile kimo. Anayepanga kuendesha hadi Lubumbashi au Dar es Salaam, safari ya pili ikiwa zaidi ya kilomita 3,000, atafurahia kiti kipana, ingawa ningemshauri achunguze tairi na rejeta kabla ya umbo. Na kama gari bado lina deni la benki, halivuki mpaka bila barua ya ruhusa ya benki hiyo.

Ukiwa yadini, omba injini iwe baridi unapofika, na iwashe mwenyewe. Chunguza maji ya rejeta. Januari 2017 Ford iliziita zirudi krosova 4,556 za Kuga zenye injini ya lita 1.6, baada ya kubainika kwamba kipoza-injini kisipozunguka vizuri silinda hedi hupata joto kupita kiasi, hupasuka, oili huvuja, na moto unaweza kuwaka. Ukikutana na Kuga ya aina hiyo, taka ushahidi wa maandishi kwamba ilitengenezwa.

Soma cheti cha usajili. Code 2 ni gari lililotumika kwa kawaida. Code 3 ni lililowahi kufutwa na bima kisha likaundwa upya, na kampuni nyingi za bima na benki hulikwepa. Krosova inayouzwa kwa bei ya gari dogo inaweza kuwa Code 3. Ukiona IST au Demio ya Japani kwa bei ya kuvutia, jihadhari zaidi. Afrika Kusini hairuhusu magari yaliyotumika kuingizwa nchini isipokuwa kwa kibali maalumu, na yale yanayoshushwa bandari ya Durban ni ya kupita kwenda nchi jirani. Bila kibali hicho huwezi kulisajili hapa kihalali.

Sheria ya Kulinda Walaji, namba 68 ya 2008, inakupa miezi 6 tangu ulipokabidhiwa gari na mfanyabiashara. Likionyesha kasoro ambayo hukuelezwa waziwazi na isiyotokana na uchakavu wa kawaida, unaweza kudai litengenezwe, libadilishwe, au urudishiwe fedha, na akikataa upeleke malalamiko kwa Msuluhishi wa Sekta ya Magari. Neno "voetstoots", yaani limeuzwa lilivyo, likiandikwa tu kwenye risiti ya yadi halikuondolei haki hiyo. Ulinzi huu haupo ukinunua kwa mtu binafsi mtaani.

Asiye na kitambulisho cha Afrika Kusini atahitaji namba ya rejista ya trafiki ili gari liandikwe kwa jina lake. Iombe kwenye ofisi ya usajili wa magari ukiwa na pasipoti au hati yako ya ukimbizi kabla hujaanza kuzunguka yadini, ili usije ukalipa leo na kuendesha kwa miezi gari lenye jina la mtu mwingine.