Mtoto Asiyetulia na Viungo Vilegevu
Askari aliyezoea gwaride huwa mwepesi kumwita mkaidi mwanawe asiyetulia kitini. Nyumbani Buyenzi au Kamenge, huenda fimbo ikafuata. Hata hivyo, uchunguzi uliochapishwa nchini Uturuki mwaka 2011 ulionyesha kwamba ulegevu wa viungo huonekana zaidi kwa watoto wenye maradhi ya kutotulia na kukosa makini kuliko kwa wenzao.

Ulegevu huo hupimwa kwa kipimo cha Beighton cha mwaka 1973, kilichotumika kuwapima Watswana, chenye alama 9: kidole gumba kulalia kigasha, viganja kugusa sakafu pasipo kukunja magoti, na kadhalika. Kutotulia kwenyewe huchunguzwa na daktari. Mtoto wa namna hiyo, akilazimishwa kusimama wima mchana, aweza kuumwa magoti usiku.