Mchanga Ulionasa Katika Rangi

Katika jumba la National Gallery, London, kuna picha ndogo ya rangi za mafuta, upana wake haufiki hata nusu mita, ambayo Claude Monet aliichora kwenye ufuo wa Trouville, kaskazini mwa Ufaransa, kiangazi cha 1870. Wanawake wawili wameketi kwenye viti, miavuli ikiwakinga jua. Mmoja, anayedhaniwa kuwa Camille, mke wa mchoraji, amevaa gauni jeupe, na uso wake ni miguso michache tu ya brashi. Asiyeuzoea mtindo huu wa impreshonizimu huwa na neno moja mdomoni: kazi haijaisha. Lakini wataalamu walipoichunguza picha hiyo kwa hadubini walikuta chembe za mchanga na vipande vya makombe vimenasa ndani ya rangi yenyewe. Viliingia rangi ikiwa bado mbichi. Mimi nauchukua mchanga huo kuwa shahidi: mchoraji alikuwa pale pale ufuoni, na wepesi wa mkono wake ulitokana na mahali alipokaa, wala haukuwa uvivu.

Shida ya kuchora bahari kwa mafuta ni kwamba rangi na jua haviendi mwendo mmoja. Rangi ya mafuta huchukua siku kadhaa, pengine wiki, kukauka. Jua la ufuoni halimngoji mtu. Studioni fundi aliweza kupaka tabaka, akaliacha likauke, kisha akapaka jingine juu yake. Ufuoni, saa mbili zikipita vivuli vimehama, maji yamejaa au yamekupwa, na wingu moja limeigeuza bahari ya buluu kuwa kijivu. Basi hupakwa rangi mbichi juu ya mbichi, na mguso ukishawekwa huachwa ulipo, kwani ukisuguliwa rangi huchanganyika na kuwa tope. Turubai ya Trouville ilikuwa imepakwa kijivu hafifu kabla ya kuanza, naye Monet akakiacha kionekane mahali pengi badala ya kukifunika. Kuacha namna hiyo kunataka uamuzi kuliko kupaka. Kivuli nacho hakihitaji rangi nyeusi: mchanga ulio kivulini huendelea kupokea mwanga wa anga, ndiyo maana huelekea buluu au zambarau. Haya yote yasingewezekana kirahisi kabla ya 1841, mwaka ambao Mmarekani John Goffe Rand alipata hataza ya tyubu ya bati. Kabla ya hapo rangi ilibebwa katika vibofu vya nguruwe, ambavyo vikishatobolewa havizibiki vizuri.

Wapo wanaopinga, na hoja yao moja ni nzito: Monet mwenyewe, hasa miaka ya baadaye, alizirudia picha zake nyingi ndani ya studio, kwa hiyo habari za kuchora nje zimetiwa chumvi. Ni kweli alizirudia. Lakini alichokirekebisha ndani ni kile alichokiona nje, na hakuna studio ambayo ingemfundisha kwamba gauni jeupe chini ya mwavuli si jeupe tena. Njia hiyo ya kutoka nje aliipata mapema kwa Eugène Boudin, mzaliwa wa Honfleur, mji ulio jirani na Trouville, aliyezichora fukwe hizo kabla yake. Hoja ya pili, kwamba kamera ingefanya kazi hiyo vizuri zaidi, ni nyepesi. Picha za kawaida za kamera za 1870 hazikuwa na rangi, isipokuwa mtu azipake kwa mkono, na bila rangi kivuli cha buluu kingekuwa doa jeusi tu mchangani.