Kumfundisha Kasuku Kutii

Leo hatuzungumzi juu ya mahindi wala ng'ombe. Tunaingia mjini Dar es Salaam, mitaa ya Kariakoo, katika zile nyumba zenye ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, na uani nyuma. Humo utakuta kuku, njiwa, na mara mojamoja kasuku ndani ya tundu. Na mwenye kasuku lalamiko lake ni moja: "Ndege huyu ananiuma, hanisikii!" Basi tuelezane.

Kabla ya somo, tumjue ndege mwenyewe. Tunamsema kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Kwao ni misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati; kwetu Tanzania anafika pembeni tu, upande wa Kagera. Amekamatwa mno kwa biashara, hata Oktoba 2016, katika mkutano wa Johannesburg, nchi za mkataba wa CITES zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku hawa wanaotoka porini. Hapa nchini wanyamapori wanalindwa na Sheria ya mwaka 2009. Kwa hiyo mtu akikuletea kasuku ndani ya kikapu bila karatasi yoyote, usinunue, hata kama bei ni ya kutupa. Na aliye naye tayari ahakikishe ana kibali.

Sasa tuje kwenye mafunzo. Kuku na ng'ombe wamekaa na binadamu maelfu ya miaka. Kasuku bado ni ndege wa porini, hata kama ametotolewa tunduni. Ukimchapa, hajifunzi utii. Anajifunza kwamba mkono wako ni adui. Kasuku hutii anapokuamini. Hilo ndilo shina la somo lote.

Kwanza, akuzoee. Tundu likae ukumbini, upande mmoja ukutani ili ajione salama. Usiliweke uani karibu na majiko ya mkaa, maana moshi humharibu mapafu upesi. Kaa naye, sema naye kwa sauti ya chini, mpe chakula kwa mkono mpaka apokee bila woga. Pengine siku chache zitatosha, pengine majuma kadhaa. Usimharakishe.

Pili, zawadi. Karanga anazipenda sana. Basi usimwachie karanga kutwa nzima tunduni. Mwekee mboga, matunda na nafaka, karanga ziwe za somo tu, tena vipande vidogo visivyo na chumvi. Zilizoota ukungu tupa, zina sumukuvu. Parachichi usimpe kabisa. Kwake ni sumu.

Tatu, amri ya kwanza: "Panda." Weka kidole au kijiti mbele ya kifua chake, juu kidogo ya miguu, useme "Panda" mara moja tu. Akiweka hata mguu mmoja, msifu na umpe karanga papo hapo. Ukichelewa, hatajua amezawadiwa kwa lipi. Akishaielewa, mrudishe kwenye kijiti chake ukisema "Shuka," naye apate zawadi yake. Dakika tano asubuhi na tano jioni zinatosha. Acha somo akiwa bado anataka.

Sasa utauliza: je, akiniuma? Usipige kelele. Makelele yako kwake ni ngoma, kesho atauma tena aisikie. Mshushe taratibu, mgeuzie mgongo dakika moja, kisha rudi na jambo jepesi. Mara nyingi hutoa onyo kabla ya kuuma: manyoya ya shingo yanasimama, mboni za macho zinapanuka na kusinyaa upesi. Ukiona hivyo, mwache.

Jambo jingine ni la nyumba zetu za wapangaji wengi. Mwenye nyumba anasema "Panda," mpangaji wa chumba cha mbele anasema "Njoo," mtoto anasema "Ruka!" Jamani, ndege afuate lipi? Kaeni baraza, mkubaliane: neno moja, maana moja, watu wote. Na watoto wafundishwe kwanza wao, kisha kasuku.

Subira ina faida. Huko Marekani mtaalamu Irene Pepperberg alimnunua kasuku mwaka 1977, akamwita Alex. Alimfundisha miaka 30, mpaka ndege alipokufa mwaka 2007. Alex alijua maneno zaidi ya 100, na aliweza kutaja rangi na umbo la kitu alichoonyeshwa. Kumbe yule tunayemtolea mfano wa kusema asichokijua, akifundishwa vema anaelewa!

Mwisho, ndugu msikilizaji, fikiri kabla ya kufuga. Kasuku aliyetunzwa anaweza kuishi miaka 40, hata 60. Akiachwa peke yake kutwa, hunyonyoa manyoya yake mwenyewe kwa upweke. Tena anaweza kuambukiza watu ugonjwa wa mapafu. Safisha tundu, nawa mikono, na akizubaa mwone daktari wa mifugo. Kama huna nafasi ya kukaa naye kila siku, fuga kuku. Kuku atakupa mayai, na hatakudai mazungumzo.

Kwa leo tunaishia hapo. Kwaherini.