Majumba ya Sanaa (3): Ukumbi wa Taifa wa Nairobi, Nani Anashika Ratiba?

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulieleza opera ni nini, kisha tukaingia Muscat, nchini Oman, ambako jumba la opera alilolijenga Sultani Qaboos lilifunguliwa Oktoba 2011 kwa Turandot ya Puccini. Jumba lile lilizaliwa likiwa na kila kitu. Leo tunasogea karibu na nyumbani, kwenye jumba dogo zaidi lenye umri mkubwa zaidi, ambalo limechakaa, likakarabatiwa na kugombaniwa: Kenya National Theatre, ukumbi wa taifa wa maigizo ulioko Nairobi. Afrika Mashariki haina jumba kongwe la opera lililofufuliwa. Lakini ukitafuta ukumbi wa jiji uliobeba historia ya watu wake kisha ukarudishwa katika hali nzuri, huu ndio wa kuanza nao.

Msomaji wa Mururu, hapa Rwanda, ambaye akivuka mto Rusizi ameshaingia Kongo, ana haki ya kuuliza ukumbi wa Nairobi unamhusu nini. Kwetu sanaa ya jukwaani haikusubiri paa. Wachezaji wa ngoma waitwao Intore walicheza katika ua wa mfalme, na hata leo mgeni anayefika Nyanza, kwenye nyumba ya kifalme ya nyasi iliyojengwa upya, huona kwamba ua ule ulikuwa sehemu ya onyesho lenyewe. Baadaye maigizo yakahamia shuleni, parokiani na redioni; igizo la Musekeweya, lililoanza 2004, limesikilizwa na watu ambao hawajawahi kukata tiketi ya ukumbi wowote. Kwa hiyo tunapoliangalia jengo la maigizo, tuna jicho ambalo wenyeji wa majiji hulikosa: tunajua kwamba sanaa inaweza kuishi bila jengo. Linalobaki ni kuuliza jengo linaongeza nini, na linamwongezea nani.

Barabara kabla ya ukumbi

Ukumbi uko kwenye barabara ya Harry Thuku, pembezoni mwa katikati ya jiji. Ng'ambo ya barabara ipo hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa 1904 na kuwa baraza la walowezi. Jirani yake ni Chuo Kikuu cha Nairobi, na si mbali kuna kituo kikuu cha polisi na makao ya shirika la utangazaji la taifa. Ni nadra kukuta mtaa mmoja umekusanya namna hiyo mtalii, mwanafunzi, askari, mtangazaji na mwigizaji.

Jina la barabara lina damu ndani yake. Machi 1922 serikali ya kikoloni ilimkamata Harry Thuku, kiongozi wa wafanyakazi aliyepinga kodi na kipande, yaani kitambulisho ambacho kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kukibeba. Tarehe 16 umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe. Mary Muthoni Nyanjiru aliwakejeli wanaume waliokuwa wakisitasita, umati ukasogea mbele, na askari wakafyatua risasi. Serikali ilikiri vifo 21. Wengine walihesabu zaidi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa. Hayo yalitokea hatua chache kutoka mahali ambapo, miaka 30 baadaye, ukumbi ulifunguliwa.

Ukumbi wa 1952

Ukumbi ulifunguliwa tarehe 6 Novemba 1952, na aliyeufungua ni Sir Ralph Richardson, mwigizaji mashuhuri wa Uingereza. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba, wiki mbili na siku chache tu kabla. Kule mashambani watu walikuwa wakikamatwa kwa tuhuma za kuwa wafuasi wa Mau Mau, vuguvugu lililopigana na ukoloni. Hapa mjini pazia lilikuwa linafunguka. Neno "taifa" liliandikwa kwenye jengo wakati wenye nchi hawakuwa na kura.

Umbo la ukumbi lilifuata desturi ya Ulaya. Watazamaji huketi upande mmoja, wote wakiangalia mbele, na jukwaa huwa nyuma ya uwazi wa mstatili unaofanana na fremu ya picha. Pazia huziba fremu hiyo hadi wakati ufike. Umbo hili lina faida zake: mandhari hubadilishwa bila mtazamaji kuona, taa huelekezwa zinapotakiwa, na sauti husukumwa mbele badala ya kutawanyika. Lina sharti pia. Mtazamaji anatakiwa kukaa gizani na kunyamaza, jambo ambalo halikuwa na nafasi katika ngoma za uani, ambako anayetazama hupiga makofi, huitikia wimbo, na mara nyingine huingia kucheza. Sharti hilo ndilo lililovunjwa 1976.

Siku nane za Oktoba

Uhuru ulikuja 1963, lakini ratiba ya ukumbi haikupata uhuru siku ile ile. Vikundi vya wageni waliobaki Nairobi viliendelea kushika usiku ulio mzuri kwa michezo ya kuchekesha na ya muziki kutoka London na New York. Seth Adagala alipokuwa Mwafrika wa kwanza kuuongoza ukumbi mwaka 1968, alianza kuwafunza waigizaji wa nchi, ila baraza la uongozi lilibadilika polepole.

Mwaka 1976 Kenya ilijiandaa kupeleka tamthilia mbili Lagos kwenye FESTAC 77, tamasha kubwa la sanaa za watu weusi. Moja ilikuwa ya Francis Imbuga kuhusu usaliti wa watawala baada ya uhuru. Ya pili, iliyoandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo, ilihusu kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, na baadaye ilitafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina Mzalendo Kimathi. Waandaaji waliomba ukumbi wa taifa kwa wiki za Oktoba, mwezi wa kuwakumbuka mashujaa. Wakaambiwa nafasi imejaa: kuna kikundi cha ballet kutoka Ufaransa, na kuna mchezo wa muziki wa kuchekesha unaohusu Roma ya kale. Baada ya mvutano walipewa siku nane, nne kwa kila tamthilia.

Siku hizo zilijaza ukumbi. Onyesho la Kimathi lilipokwisha, watazamaji hawakusubiri pazia. Waliungana na waigizaji kuimba na kucheza, wakatoka nao hadi barabarani, upande ule ule wa Norfolk. Umbo la fremu lilikuwa limeshindwa na desturi ya ua. Kilichofuata ni maswali kutoka kwa polisi.

Ngũgĩ alieleza baadaye kwamba mvutano ule ulimfundisha jambo kuhusu nafasi ya kuigizia, na aliondoka mjini. Huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walifanya kazi na wakulima na wafanyakazi waliojijengea jukwaa la wazi. Tamthilia yao, Ngaahika Ndeenda, ilianza kuonyeshwa kwa Kikikuyu Oktoba 1977; Novemba leseni ikafutwa, na tarehe 31 Desemba Ngũgĩ akakamatwa na kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Mwaka 1982 kikundi hicho kilijaribu kuuleta mchezo mwingine, Maitũ Njugĩra, kwenye ukumbi wa taifa. Ilipofika Februari, siku ya kufungua, leseni haikuwa imetolewa. Waigizaji walikuta milango imefungwa na polisi wako nje. Mwezi uliofuata jukwaa la Kamĩrĩĩthũ lilibomolewa.

Ukarabati

Baada ya hapo ukumbi ulizeeka kama zinavyozeeka mali za umma zisizo na bajeti. Viti vilichoka, mitambo ikabaki nyuma ya wakati, na vikundi vyenye uwezo vikatafuta kumbi za vituo vya utamaduni vya kigeni. Hapo pana kejeli: jengo lililojengwa na mgeni lilipokuwa la mwenyeji, mwenyeji alikwenda kuigiza kwa mgeni mwingine.

Ukarabati mkubwa ulifanywa na serikali kwa kushirikiana na kampuni ya bia ya East African Breweries, na Septemba 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliufungua ukumbi upya. Viti, taa na mitambo ya sauti vilibadilishwa. Sura ya jengo la 1952 ilibakizwa, na uamuzi huo ulikuwa sahihi: kulibomoa kungefuta ushahidi wa mvutano niliousimulia.

Lakini nikiulizwa ukumbi ulirudishwa lini, sitaji 2015. Nataja Mei 2022, ambapo Ngaahika Ndeenda ilionyeshwa humo humo, kwa Kiingereza na kwa Kikikuyu, chini ya uelekezaji wa Stuart Nash. Mchezo uliofutiwa leseni miaka 45 kabla ya hapo ulikatiwa tiketi katika jumba la taifa, na askari hakuja kufunga mlango. Ngũgĩ alifariki dunia Mei 2025 nchini Marekani, baada ya mchezo huo kuingia ukumbini. Rangi na viti ni kazi ya fundi. Kilichohitaji miaka mingi zaidi ni ratiba.

Ukitaka kwenda

Tangu 2014 raia wa Rwanda huweza kuvuka Uganda na Kenya kwa kitambulisho cha taifa. Basi la Kigali hadi Nairobi kupitia Kampala huchukua takriban siku nzima ya njia. Mwenye haraka hupanda ndege. Ukifika, kumbuka saa. Kenya iko mbele yetu kwa saa moja: onyesho la saa kumi na mbili jioni Nairobi ni saa kumi na moja kwa saa ya Kamembe. Asiyebadilisha saa hukuta pazia limeshafunguliwa.

Tiketi nyingi huuzwa kwa simu kabla ya siku ya onyesho, na maonyesho mengi huwekwa mwisho wa juma. Ukumbi si mkubwa, kwa hiyo hakuna kiti kibaya sana, ila anayependa sauti zilizosawazishwa vizuri achague katikati, si safu za mbele kabisa. Fika mapema, kwa sababu kituo cha utamaduni kinachouzunguka ukumbi kina mengine: kuna ukumbi mwingine uitwao Ukumbi Mdogo, unaofaa michezo ya majaribio, na kuna chumba cha maonyesho ya picha kinachoitwa Cheche.

Lugha isikutie hofu. Vichekesho vya vikundi kama Heartstrings huchanganya Kiingereza, Kiswahili na Sheng, lugha ya mitaani ya Nairobi, na mtu wa Bukavu au Kamembe atacheka mahali pengi na kupitwa mahali pachache. Mwalimu anayepanga safari aulize pia maigizo ya tamthilia teule za shule. Wanafunzi wa Kenya wamesoma Kigogo ya Pauline Kea na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, na vikundi vya Nairobi huzipeleka jukwaani. Kwa mwanafunzi wetu wa Kiswahili, kuliona neno la kitabuni likitoka kinywani mwa mtu aliye hai kuna thamani ya masomo mengi.

Kisha, ukiwa getini, soma ubao wa matangazo ya mwezi mzima. Angalia mchezo gani umepewa Ijumaa na Jumamosi usiku, na upi umesukumwa Jumanne mchana. Angalia lugha zipi zimo. Angalia kama kikundi cha vijana kutoka mtaa wa pembezoni kimepata nafasi, na kwa ada gani. Majibu hayo yatakuambia hali ya ukumbi kuliko ung'avu wa viti. Na wilaya yetu ikija kupanga ukumbi wake, maswali hayo yaulizwe kabla ya kumtafuta mchoraji wa ramani.

Juma lijalo: Kampala, ambako ukumbi wa taifa ulifunguliwa 1959, na ambako mshairi Okot p'Bitek alikabidhiwa uongozi katika miaka ya 1960, akaingiza humo muziki na ngoma za vijijini.