Kijana wa Mpakani na Hesabu ya Nyumba

Wazazi wengi hudhani kuwa uchumi ni elimu ya mabenki na ofisi za serikali, isiyohusu jiko wala sebule. Dhana hiyo ina hasara yake popote, lakini hasara hiyo ni kubwa zaidi kwa mzazi wa Mpondwe, katika wilaya ya Kasese. Mtoto wa hapo huzaliwa sokoni. Upande mmoja wa mto Lubiriha ni Uganda, upande wa pili ni Kasindi, Kongo; na kila siku ya soko hupita mbele ya macho yake mawese, mbao na kakao kutoka ng'ambo, na samaki, maharage, sabuni na chumvi ya Katwe vikielekea huko. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande ule huelewana kwa lugha, hivyo biashara haihitaji mkalimani.

Shuleni somo la uchumi lenyewe husubiri vidato vya 5 na 6. Ni kweli kwamba mtaala mpya ulioanza mwaka 2020 umeweka ujasiriamali katika vidato vya kwanza na vya pili, lakini kijana wa miaka 13 hukutana na fedha kabla ya kukutana na kitabu. Wako wanaoacha darasa siku za soko ili wachukue mizigo na kupata sarafu chache za papo kwa papo. Basi nyumba isipomfundisha mapema, mpaka utamfundisha kwa njia yake.

Daftari liwe wazi

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Hatua ya kwanza ni kumkabidhi kijana daftari la hesabu ya nyumba, awe msichana au mvulana, aandike mbele ya wazazi kila kilichoingia na kila kilichotoka. Katika nyumba nyingi hesabu hufichwa watoto kwa hofu ya aibu. Matokeo yake ni kwamba mtoto huona fedha mkononi mwa mama jioni, akanyimwa kalamu, akadhani amechukiwa.

Tuseme mama amenunua mtungi wa mawese wa lita 20 kwa shilingi 100,000. Amemlipa mchukuzi 4,000, na ushuru wa soko 2,000. Ameyauza kwa chupa za nusu lita, chupa 40, kila moja 3,000. Kijana asiyezoea hesabu atasema faida ni 20,000, maana mama amepata 120,000. Aulizwe: mchukuzi amelipwa na nani? Ndipo atakapoona kuwa faida ni 14,000. Na kama chupa mbili ziliingia jikoni, fedha iliyobaki juu ya gharama ni 8,000 tu. Chupa hizo hazikupotea, zimeliwa. Lakini lazima ziandikwe.

Hapo kijana hupata somo kuu la biashara ndogo: katika zile fedha za jioni, 106,000 si za kutumiwa. Ni mtaji, na wiki ijayo zinatakiwa kununua mtungi mwingine. Kalamu, nguo na nyama hutoka katika kile kilichozidi.

Gharama isiyoonekana

Somo la pili ni gumu zaidi. Kila uchaguzi una kitu kinachoachwa, na kitu hicho ndicho gharama yake ya kweli. Kijana anayechukua mizigo siku ya soko huona sarafu alizopata. Haoni somo la hesabu lililompita, wala somo la wiki ijayo ambalo hatalielewa kwa sababu ya lile la kwanza. Mzazi asimkemee tu. Amketishe, wagawe karatasi mara mbili, waandike upande mmoja kilichopatikana na upande wa pili kilichoachwa, mwezi mzima. Kijana aliyefanya hesabu hiyo kwa mkono wake huwa na sababu ya kukaa darasani iliyo imara kuliko fimbo.

Hesabu hiyo humgusa mzazi pia. Katika nchi za kahawa wapo wanaouza kahawa ingali maua ili wapate fedha ya haraka, na mavuno yakifika faida ni ya mnunuzi. Aliye kwenye miteremko ya Rwenzori, ambako arabika huhitaji subira ya kuchuma mbivu peke yake, amwoneshe kijana tofauti ya bei hizo mbili. Atajua riba ni nini kabla ya kulisikia neno lenyewe.

Fedha nayo ni bidhaa

Mpondwe hutumia shilingi, faranga na dola. Tuseme mbadilishaji hununua dola moja kwa shilingi 3,500 na kuiuza kwa 3,600. Anayepeleka dola 100 na kuzirudisha siku ileile amepoteza shilingi 10,000 bila kununua kitu. Kijana aipige hesabu hiyo mwenyewe.

Kisha awaulize wazee. Mwaka 1987 Uganda ilibadilisha fedha, shilingi 100 za zamani zikawa moja mpya, na kodi ya asilimia 30 ikakatwa. Mwaka 1993 Zaire ilitoa zaire mpya moja kwa zaire za kale 3,000,000. Na mwaka 1998 faranga moja ya Kongo ilichukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Aliyeweka akiba yake yote katika noti chini ya godoro aliyaona maisha yake yakiyeyuka. Mwenye mbuzi, shamba au ujuzi wa mikono alisalimika zaidi.

Tena mwezi Machi 2020, kwa sababu ya Korona, Uganda ilifunga mipaka yake kwa abiria. Malori ya mizigo yaliruhusiwa. Mama mwenye kikapu kichwani hakuruhusiwa. Nyumba iliyotegemea kuvuka daraja peke yake ilijifunza kwamba riziki haifai kuwa na mlango mmoja. Hata baada ya Kongo kuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Julai 2022, somo hilo halijapitwa na wakati.

Pa kuanzia

Haihitajiki fedha nyingi. Linatakiwa daftari moja, kalamu, na nusu saa ya Jumamosi jioni. Kijana asome hesabu ya wiki kwa sauti, kisha aulizwe swali moja la kweli: kilichobaki kinunue nini, na kipi kingoje? Jibu lake lisikilizwe. Likiwa na busara, lifuatwe, hata kama kitakachongoja ni haja ya baba.